Gamba Tupu na Nyumba Itakayokaa Ndani Yake

Avukaye daraja la Kilifi na kutupa jicho chini, kwenye mkono wa bahari unaoingia bara, hakosi kuona milingoti ya mashua za wageni zilizotia nanga. Si mashua za kuvulia wala za kubebea shehena. Ni nyumba. Humo hukaa mume na mke, na mara nyingine watoto, nao wamekuja kwa upepo kutoka nchi za mbali na wataondoka kwa upepo msimu utakapogeuka. Wengi wetu huwaangalia tukadhani kwamba hao wote ni matajiri, na baadhi yao ndivyo walivyo. Lakini katika watu wa namna hii wako ambao hawakupata kuwa na fedha za kununulia chombo kizima. Walinunua gamba tupu, wakalipeleka uani kwao, wakalimaliza kwa mikono yao wenyewe.

Habari ya magamba hayo tumeona inafaa kuandikwa hapa, kwa sababu ndani yake mna jambo linalozihusu nyumba zetu kuliko linavyoihusu bahari.

Sisi watu wa mwambao tumezoea chombo cha mbao. Fundi wa Matondoni hulaza mkuku, akapandisha mataruma, akapiga mbao moja baada ya moja, akakalafati kwa pamba. Kwake yeye mwili wa chombo ndio kazi yenyewe, na humchukua miezi. Faiba iligeuza mambo hayo. Hutengenezwa kalibu moja, ndani yake hupakwa rezini na kulazwa tabaka za nyuzi za kioo, na ikishakauka hutolewa gamba lililo laini na lenye kung'aa, halafu kalibu ile ile hutoa jingine, na jingine. Basi kile kilichokuwa kigumu kuliko vyote kimekuwa chepesi kuliko vyote. Hapo ndipo mtego ulipo, nasi tutaueleza.

Mji mkuu wa biashara hiyo katika miaka ya 1970, ukiiacha Uingereza, ulikuwa California. Huko Costa Mesa mume na mke, Snider na Lynne Vick, walizipata kalibu za kampuni iliyokuwa imefilisika, wakaanzisha kampuni yao wakaiita Westsail. Chombo chao mashuhuri kilikuwa cha futi 32, yaani chini kidogo ya mita 10, kizito cha tani 9 hivi kikishakamilika, na zaidi ya tani 3 katika hizo ni farumi iliyolala ndani ya mkuku. Wenye haraka waliona chombo hicho ni kizito mno na wakakicheka. Wenye watoto walikipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Nasaba yake ni ndefu, na kipande kimoja cha nasaba hiyo kinapita karibu na kwetu. Umbo la asili lilitoka Norway, kwa Colin Archer, aliyebuni mashua za kuokolea wavuvi katika dhoruba za bahari ya kaskazini, omo na tezi zote mbili zimechongoka. Mmarekani William Atkin akalichukua umbo hilo katika miaka ya 1920, akachora chombo cha futi 32 akakiita Eric. Kwa michoro ya Eric, mafundi wa Bombay walijenga mashua ya msaji mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakitumia tezo na keekee ya mkono, kwa ajili ya baharia Mwingereza, Robin Knox-Johnston. Aliipa jina Suhaili, ndilo jina la upepo wa kusini-mashariki katika Ghuba, na ndilo lile ambalo wazee wetu wa baharini walilitamka suheli walipotaja upande wa kusini. Kwa mashua hiyo Knox-Johnston alikuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila ya kutua popote. Alitoka Juni 1968 na kurudi Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312. Westsail ya faiba ni ndugu wa Suhaili wa baba mmoja. Michoro yake ilirekebishwa na William Crealock ili nafasi ya ndani iwe kubwa zaidi.

Kampuni iliuza chombo kwa namna mbili. Mwenye fedha alinunua kilichokamilika. Asiyekuwa nazo alinunua gamba, pamoja na sitaha au bila ya sitaha, akaletewa kwa lori. Mwaka 1973 jarida la Time liliandika habari za watu walioacha kazi na nyumba wakaenda kuishi baharini, likaitaja Westsail, na barua za kuuliza bei zikamiminika. Kwa muda wa miaka kama 10 yalitoka magamba yapatayo 830, na sehemu kubwa yake ilimalizwa na wanunuzi wenyewe, katika nyua za nyumba, maghala ya kukodi na viwanja vilivyo wazi. Ferenc Máté alitunga kitabu kizima cha kuwaongoza, From a Bare Hull, kilichotoka katika miaka hiyo hiyo ya 1970.

Sasa tuje kwenye mtego. Lori linapoliteremsha gamba uani, macho ya mwenye nyumba huona chombo. Kirefu, kirembo, rangi inang'aa. Majirani huja kumpa hongera. Naye moyoni huhesabu kwamba kazi kubwa imekwisha na kilichobaki ni useremala kidogo. Ukweli ni kinyume. Bei ya gamba aghalabu haifikii hata theluthi ya gharama ya chombo kilichokamilika. Bado farumi, bado injini, mlingoti na kamba zake za waya, matanga, matangi, pampu, nanga na minyororo, jiko, taa na nyaya, bolti za shaba na za chuma kisichoshika kutu, na mbao za ndani ambazo haziwezi kuwa za kubahatisha. Kila kimoja katika hivyo kina bei ya duka la vifaa vya bahari, ambayo si bei ya duka la vifaa vya ujenzi.

Kisha kuna saa. Kwa chombo cha futi 32, saa 2,000 za kazi si nyingi; mafundi wazuri wasiokuwa na haraka huzidisha. Tulifanye hesabu jambo hili, maana hesabu haioni haya. Mtu anayefanya kazi ya mshahara wiki nzima, akaja kwenye gamba lake siku mbili za mapumziko, saa 6 kila siku, hupata saa 12 kwa wiki. Saa 2,000 ni wiki 166. Ni miaka mitatu na ushei, asiugue, asisafiri, asihudhurie arusi wala maziko, na mkewe na watoto wasimwone siku ya mapumziko hata moja. Mtoto aliyekuwa na miaka 11 gamba lilipofika, aliyeahidiwa kuzunguka visiwa, ana miaka 14 na ana marafiki zake na mambo yake. Na hii ni hesabu ya aliyemaliza.

Wasiomaliza ni wengi. Gamba hukaa pale uani, likafunikwa turubai, turubai likachanika kwa jua, maji ya mvua yakatuama ndani. Mke hupita kando yake kila siku akienda kuanika nguo. Hamna mwanamke wa mwambao asiyeijua hali hii, kwa sababu tunayo nyumba ya matofali iliyofika kwenye linta na kusimama huko bara, ikila ada za watoto mwaka baada ya mwaka. Tofauti ni kwamba nyumba isiyokwisha haikai katika uwanja wa kuchezea watoto.

Kwa hiyo tunasema, na hapa tunasema kwa msimamo: gamba lisinunuliwe kwa deni. Mwenye kukopa kwa riba ili aanze jambo ambalo theluthi mbili ya gharama yake bado haijaonekana, amejifunga mara mbili. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwishoni mwa 1973, rezini, ambayo asili yake ni mafuta hayo hayo, ilipanda nayo. Waliokuwa katikati ya kazi wakajikuta na chombo nusu, na bei mpya. Aliyekuwa na fedha zake mkononi alipunguza mwendo. Aliyekuwa na deni hakuweza kupunguza kitu.

La pili tulilotaka kulisema ni la kina mama, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wanaume wanaponunua gamba hutazama tezi na omo. Huzungumza habari ya matanga, mwendo na pepo. Lakini familia haikai juu ya mlingoti. Hukaa ndani, katika nafasi iliyo ndogo kuliko chumba kimoja cha nyumba zetu, ambamo watu watano watapika, watalala, watasoma na watatapika. Anayejua maisha ya ndani ndiye mwenye haki ya kuchora ya ndani. Gamba tupu lina faida moja ambayo chombo kilichokamilika hakina, nayo ni kwamba bado hakuna aliyekuamulia jiko liwe wapi. Faida hiyo ikipotezwa kwa sababu mume hakumwuliza mkewe, hatuoni kwa nini aliingia katika taabu yote hiyo.

Wenye busara katika kazi hii hawakati mbao nzuri kwanza. Huingia ndani ya gamba na makaratasi magumu ya maboksi na mbao za bei rahisi, wakasimamisha jikoni ya bandia, vitanda vya bandia, ngazi ya bandia. Kisha mama huingia na sufuria yake halisi. Asimame, ageuke, ainame kama atoaye mchele kabatini, ajaribu kupita na mtoto mgongoni. Sufuria ikigonga, karatasi hukatwa upya bila hasara. Kosa la karatasi ni la dakika tano. Kosa la msaji ni la mwezi.

Jikoni ya chombo ina mambo yake. Hukaa karibu na ngazi ya kushukia, si omoni, kwa sababu omo hupanda na kushuka kuliko sehemu nyingine, na kwa sababu mpishi anahitaji hewa. Jiko hutundikwa kwa mihimili miwili ili lipate kubembea, chombo kikilala upande sufuria ibaki wima, na huzungushiwa kingo za chuma zisiachie sufuria kuteleza. Mpishi naye huwekewa mkanda wa kumshika kiunoni, mikono yote miwili ibaki huru. Karo huwekwa karibu na katikati ya chombo, maana likiwekwa ubavuni, chombo kikilalia upande huo maji ya bahari yatapanda ndani ya karo. Vyombo vya udongo si vya huko.

Maji yataka hesabu. Mtu mmoja akipewa lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia tu, watu 5 kwa siku 20 wahitaji lita 400, na hizo ni kilo 400 zinazobidi kukaa chini kabisa na katikati, la sivyo chombo kitayumba. Yasiwe katika tangi moja. Tangi mbili au tatu, kila moja na bomba lake, ili moja ikiharibika nyingine zisalimike. Kuoga na kufua hakumo katika hesabu hiyo, wala udhu, ambao kwa bahati njema maji ya bahari yanautosha.

Choo kiwe na mlango unaofunga. Utashangaa ni wangapi walioweka pazia. Na familia ya Kiislamu ingefanya vyema kuacha sakafuni mahali papana pa mtu mmoja kusujudu, jambo ambalo wachoraji wa California hawakulifikiria, nalo ni rahisi maadamu limesemwa kabla ya mbao kukatwa.

Vitanda vya omoni, vinavyopendeza sana katika picha, havilaliki chombo kikiwa safarini. Watoto walazwe katikati, kila mmoja na kitanda chake chembamba, na upande wa wazi ufungwe kitambaa kizito kinachopanda hadi darini, asidondoke usiku. Kitanda kipana hupendwa bandarini na hulaaniwa baharini.

Kuhusu kazi yenyewe tutagusa yale tu ambayo wengi huyakosea. La kwanza ni kulisawazisha gamba. Kabla ya msumari mmoja kupigwa, gamba lishikwe na matego imara kotekote lisijipinde, kwani likiwa tupu hulegea kama ganda la yai, na lilinganishwe kwa pima maji kulingana na mstari ambao maji yatafika. Likiwa limeinama kidogo, kila rafu, kila kitanda na kila mlango vitainama nalo, na baada ya hapo hakuna wa kuvinyosha. Kisha kuta za kati za plaiwudi ya baharini, ambazo ndizo mataruma ya chombo cha namna hii. Ukuta usisukumwe ukagusa gamba kwa nguvu. Huachwa nafasi ndogo ikajazwa sponji ngumu, halafu ukaunganishwa kwa tabaka za faiba pande zote mbili. Ukisukumwa, alama yake huonekana nje, na mahali hapo ndipo gamba huanza kuchoka.

Injini na matangi huingia kabla ya sitaha kufunikwa. Lakini visijengewe makabati yasiyofunguka. Tangi litavuja siku moja, na mtu atalazimika kuvunja kitanda cha mwanawe ili alitoe.

Kila tundu linalotobolewa chini ya mstari wa maji, la choo, la karo, la kupoza injini, liwe na vali yake, na kando ya kila vali ifungwe kwa kamba nguruzi ya mti laini inayolingana na tundu hilo. Bomba likipasuka usiku wa manane hakuna muda wa kutafuta kizibo. Wazee wetu walikuwa na nguruzi moja tu, nao waliilinda kama mboni ya jicho. Chombo cha kisasa kina nyingi, kwa hiyo ulinzi uzidi.

Na gesi. Hili tunalirefusha kidogo kwa sababu lafaa hata kwa jikoni za nchi kavu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani hutambaa sakafuni ikatokea mlangoni. Ndani ya chombo haina mlango. Huteremka ngamani ikatulia huko kama maji kisimani, mpaka cheche ya kwanza ya injini au ya swichi. Kwa hiyo mtungi hukaa nje, katika kasha lililozibwa kabisa upande wa ndani, lenye tundu chini la kumwagia gesi baharini. Na baada ya kila pishi hufungwa kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Watoto wafundishwe hivyo kabla ya kufundishwa fundo lolote la kamba.

Katika miaka ya kazi gamba liko uani, na uani kuna watoto. Rezini haikauki mpaka itiwe hadina, na hadina hiyo ikiruka ikaingia jichoni yaweza kupofusha. Harufu ya rezini hulewesha. Vumbi la faiba huwasha ngozi na kuingia mapafuni. Basi kasha la dawa hizo liwe na kufuli, barakoa ivaliwe, na nguo za kazi zisichanganywe na nguo za mtoto katika beseni moja.

Kuna njia fupi zaidi, nayo ni kupunguza ukubwa. Lin na Larry Pardey, mke na mume, walijijengea huko California chombo cha mbao cha futi 24 tu, Seraffyn, wakakishusha majini mwaka 1968, hakina hata injini, wakasafiri nacho kwa miaka 11. Wao hawakuwa na watoto. Mwenye watano hawezi kuwafuata sawasawa, lakini anayetaka futi 40 angewatazama kwanza.

Westsail yenyewe haikudumu. Maombi yalikuwa mengi, gharama zikapanda kuliko bei walizokwisha kuahidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ilikuwa imekwisha. Vyombo vyake vimedumu. Mwishoni mwa Oktoba 1991, Westsail moja, Satori, ilikuwa na nahodha na wanawake wawili mabaharia ilipokutwa na dhoruba kubwa kaskazini-mashariki ya Marekani. Walinzi wa pwani waliwatoa wote watatu. Chombo kikaachwa peke yake katika mawimbi, na siku chache baadaye kikaokotwa ufukweni, kimepandishwa mchangani, karibu kizima, kikarudishwa majini na kusafiri tena.

Leo mnunuzi wa Westsail iliyokwisha kutumika haulizi kwanza ni ya mwaka gani. Huuliza ni nani aliyeimaliza. Ziko zilizomalizwa na watu wa uani kwa uangalifu kupita kiwanda, na ziko ambazo nyaya zake haziguswi bila ya kusoma dua. Na bado, hapa na pale, huuzwa magamba ambayo wenyewe walishindwa, kwa bei ya kutupa. Mwenye kuvutwa na bei hiyo na aagize stakabadhi za gamba na za kila kilichokwisha kuingizwa. Aligonge kwa nyundo ndogo ya mti kotekote, akisikiliza mahali sauti inapobadilika kuwa ya upofu. Atazame maungio ya kuta kama yamebanduka. Aweke pima maji sakafuni. Akiridhika, amlete mkewe aingie ndani, asimame pale jiko litakapokaa, kabla bei haijatajwa.